Ombi la Lifti Lililolainishwa Mpaka Likayeyuka

Mliniona Jumamosi ile ukumbini Etobicoke. Nilipewa nafasi ya kuwaeleza vijana wetu wa huku ughaibuni kuhusu kazi za serikali. Nikasimama, nikataja jina langu, nikasema kazi ni nzuri mradi uwe na bidii, nikakaa. Mama mmoja wa mstari wa mbele alinipigia makofi ya huruma. Nyinyi mlikuwa mnaangalia simu zenu na siwalaumu, maana nilichowaambia kilikuwa uongo, tena uongo wa kuchosha. Nilirudi nyumbani na aibu yangu nikaamua kuandika. Kwenye maandishi naweza kufuta. Mdomoni siwezi.

Mshereheshaji alinitambulisha kama mstaafu, watu wakacheka, kwa sababu nina miaka thelathini na tano na meno yangu yote. Lakini neno lenyewe nimelikubali. Kuna kazi niliyoifanya mpaka ikanitoka mwilini, na sitairudia hata nikibembelezwa. Kama huko si kustaafu, sijui kustaafu ni nini. Kiinua mgongo changu ni uwezo wa kusoma sentensi moja ya serikali na kujua ilikufia kwenye meza ya nani.

Nilikuwa mwandishi wa vipaumbele. Ndiyo, hiyo ni kazi na ina mshahara. Niliifanya kwenye kaunti moja inayopakana na jiji hili. Jina lake nitaliacha, na waliokuwa pale nimewapa majina mengine. Kaunti ina madiwani, ina mwenyekiti, ina jengo lenye bendera, na ukipita nje unadhani umeiona serikali. Ni serikali kweli, ila ni ya kuomba. Inaweza kukutoza faini kwa sababu nyasi za uwanja wako zimerefuka, lakini ikitaka kugusa jambo zito inavaa suti na kwenda kwa Bunge la jimbo kuomba sheria ibadilishwe. Kwa hiyo kila mwaka, majani ya miti yanapoanza kugeuka rangi, idara zote zinaulizwa: mnataka wabunge watubadilishie nini? Majibu yalikuwa yanakuja kwangu. Niliyachambua, nikayapunguza, nikayaandika upya, madiwani wakayapitisha, halafu mwenyekiti akaenda kuyasema mbele ya mawaziri. Hivyo ndivyo vipaumbele.

Sikuyasomea haya. Nilianza uhasibu chuoni nikaishia njiani, nikaingia kaunti kupokea simu za watu ambao takataka zao hazijazolewa. Ya vipaumbele nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa nikipiga pasi huku nasikiliza matangazo ya kamati za Bunge, mama yangu akiniuliza hao wanaoongea polepole hivyo wana ugonjwa gani. Nilisoma maombi ya kaunti nyingine kama wenzangu walivyosoma hadithi za mapenzi. Nilipopewa nafasi ile niliishi kwa hofu kwamba siku moja mtu mwenye shahada ya siasa atasimama katikati ya mkutano na kuuliza huyu ameingiaje. Kila barua pepe niliisoma kwa sauti chooni kabla ya kuituma. Kuna jioni nilifika kituo cha treni nikageuka, nikarudi ofisini, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi na nukta moja. Nukta ilikuwepo. Nikaikagua tena.

Hofu ile ilinifundisha jambo moja ambalo nawaachia bure. Ukimaliza kuandika ombi, msomee mtu asiyehusika, kisha muulize: tunaomba nini? Akikwambia mnaomba msaada, au mnaomba ushirikiano, chana. Akikwambia mnaomba mwenye mbwa amfunge kamba, umeandika.

Bosi wangu alikuwa Mkenya wa Nakuru, Njeri, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kifuani na ulimi usiojua likizo. Siku yangu ya kwanza nikamwita Dada Njeri, kama nilivyomwita kanisani.

"Hapa mimi si dadako," akasema. "Dada ni Jumapili. Hapa niite Njeri, na kazi ikiwa mbaya nitakuambia ni mbaya."

Haikuchukua muda akaniambia. Ombi langu la kwanza lilihusu magari ya wagonjwa yanayokwama hospitalini yakisubiri mgonjwa apokelewe. Nilianza na salamu. Nikaishukuru serikali ya jimbo kwa ushirikiano wake wa muda mrefu. Nikaeleza historia ya kaunti, nikaomba radhi kwa kuwasumbua waheshimiwa, nikasifu kazi yao, na mwishoni kabisa mwa ukurasa wa tatu, kwa sauti ya chini, nikaomba. Njeri alisoma amesimama.

"Neema, hii ni ombi ama ni posa?"

Akageuza karatasi ya mwisho akatazama nyuma yake.

"Kwa sababu nimefika ukurasa wa tatu na bado sijui bibi harusi ni nani."

Ofisi nzima haikujua anachosema, maana alikisema kwa Kiswahili, na hilo lilikuwa pendo lake. Lakini masikio yangu yalichemka. Nilikuwa nimeandika kama nilivyolelewa. Kwetu Morogoro huendi kwa jirani kuomba chumvi ukaanza na chumvi. Unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu wa babu, na chumvi inakuja yenyewe kama jambo lililokuponyoka. Njeri alichukua kalamu akakata kurasa mbili na nusu. Kilichobaki kilikuwa mistari mitano na kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nilimpenda siku ile. Bado nampenda, na ndiyo sababu haya yanayofuata yananikera zaidi.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Gulshan.

Mimi na mama tunaishi Weston, kwenye moja ya yale majengo ya zamani yanayoutazama mto Humber. Sisi tuko ghorofa ya nne. Mama Gulshan yuko ya kumi na nne, ambayo ukihesabu kwa haki ni ya kumi na tatu, ila waliojenga waliogopa namba. Ni mama wa Kiismailia aliyezaliwa Tabora, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na Kiswahili chake ni kile cha watu waliokua wakibishana bei dukani: kifupi na hakirudi nyuma. Ni mjane. Binti yake yuko Agincourt, upande wa pili wa jiji, na kila mwezi anamwomba ahamie kwake, naye kila mwezi anakataa. Huko, anasema, wajukuu wanamwelewa lakini wanamjibu Kiingereza, na rimoti si yake.

Tangu siku aliyosikia nimeajiriwa kaunti, aliacha kuniita Neema. Aliniita Serikali. Nikimkuta chini na mifuko yake ya sokoni ataniita mbele ya watu wote: "Serikali, hujambo? Umetuletea nini leo?"

Figo za Mama Gulshan hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki anapelekwa hospitali, damu yake inapitishwa kwenye mashine, anarudishwa. Akikosa siku moja, maji yanajaa mwilini, anavimba miguu, pumzi inakuwa fupi. Anayajua haya kama wewe unavyoijua ratiba ya basi lako. Na jengo letu lina lifti mbili. Moja ilikufa zamani, ikabandikwa karatasi inayoomba radhi kwa usumbufu, na karatasi yenyewe ikachakaa. Ya pili huchagua siku.

Asubuhi moja ya kiangazi ilichagua kulala. Gari la hospitali lilifika, dereva akasubiri chini, akapiga simu, akaondoka. Kesho yake Mama Gulshan alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Zimamoto wakaja, wakamfunga kwenye kiti chenye mikanda, wakaanza kumshusha ngazi kwa ngazi, wanaume wawili wenye buti nzito, wakipumzika kila kona. Nilisikia kelele nikafungua mlango wa ngazi wa ghorofa ya nne. Alipita mbele yangu, uso umevimba, mikono imeshika mkoba wake kifuani. Akanitazama.

"Serikali," akasema, "umeniona?"

Nilimwona. Jioni nilimfuata hospitali, na pale kitandani akanishitaki kwangu mimi mwenyewe. Alitaka kujua kama ni kweli kazi yangu ni kuwaambia wabunge watunge sheria gani. Nikasema ni kweli, kwa kiasi fulani. Hilo la kiasi fulani alilipuuza. Akasema basi niwaambie hili.

Kesho yake nililiandika. Njeri alisoma akasema Weston si kaunti yetu, huyo bibi hata hapigi kura kwetu. Nikamjibu kwamba kwa jinsi wanasheria wetu walivyosoma, sheria ya lifti iko mikononi mwa jimbo, jimbo ni moja, na kwetu pia kuna majengo marefu yenye wazee juu. Aliivua miwani, ikaning'inia kifuani. Kisha akasema niandike, ila nisililie karatasi.

Sikuililia. Sentensi ilikuwa hii: Tunaomba Bunge litunge sheria ya kumlazimisha mwenye jengo refu atengeneze lifti ndani ya muda uliowekwa, na amgharamie mkazi asiyeweza ngazi namna ya kushuka mpaka lifti ifanye kazi. Nilimsomea mama yangu, nikamuuliza tunaomba nini. Akasema mnaomba Gulshan ashuke. Nikaituma.

Ilianza safari ya kupita idara. Wanasheria walisema neno kumlazimisha ni kali, liwe kumhimiza. Idara ya makazi ikasema wenye majengo wataudhika na muda uliowekwa, uwe muda unaofaa. Watu wa mawasiliano wakasema mkazi asiyeweza ngazi ni picha ya huzuni, wakaweka wakazi wote, kwa sababu wakazi wote hawamhuzunishi mtu. Ofisi ya mwenyekiti ikasema hatuwezi kuliambia Bunge litunge sheria kana kwamba sisi ndio wakubwa, tuseme liendelee kushirikiana na wadau. Hakuna aliyekuwa mbaya. Wengine walinitumia na alama za tabasamu. Kila mmoja aliondoa neno moja tu, kama wageni wanaochovya sufuria moja na kila mmoja anachukua kinofu kimoja tu, mpaka mwenye nyumba anajikuta na mchuzi.

Iliporudi kwangu ilisema hivi: Tunaomba Bunge liendelee kushirikiana na wadau kuangalia namna ya kuhimiza upatikanaji wa lifti ndani ya muda unaofaa kwa manufaa ya wakazi wote.

Isomeni tena, tafadhali, mnitafutie Mama Gulshan humo. Mtafuteni na lifti mbovu. Mtafuteni na mtu mmoja anayetakiwa kuamka kesho akafanye jambo lolote. Hakuna kwenye dunia hii anayeweza kuipinga sentensi hiyo, na hakuna anayeweza kuitekeleza. Na mimi, mkaguzi wa nukta, nilifanya nini? Niliiwekea koma.

Ikapitishwa na madiwani bila swali. Nikamwendea Mama Gulshan na habari kwamba ombi limepita.

"Limepita wapi?" akauliza. "Huku halijafika."

Likapita tena mwaka uliofuata, na mwingine, kwa maneno yale yale. Mimi nikaendelea kupanda kwa lifti inayochagua siku.

Nilidhani tatizo ni maneno. Nyinyi mkiingia kwenye kazi hizi mtadhani hivyo pia, kwa sababu maneno ndiyo yanayoonekana. Nilielewa pale tu Njeri aliponiamini vya kutosha kunikalisha kwenye simu ya kabla. Simu ya kabla hupigwa wiki chache kabla mwenyekiti hajakutana na waziri. Njeri anampigia msaidizi wa waziri, wanaulizana watoto, halafu Njeri anauliza mwaka huu waziri yuko tayari kukubali nini. Mwaka ule msaidizi alisema kuna jambo limeshaamuliwa: kaunti zitaruhusiwa kutoa matangazo yao rasmi mtandaoni badala ya kuyalipia gazetini. Bado tu halijatangazwa. Njeri akasema asante sana. Akakata simu, akafungua vipaumbele vyetu, na ombi la matangazo mtandaoni, ambalo hakuna idara hata moja iliyokuwa imeliomba, likawa kipaumbele cha kwanza. Lifti ikashuka ukurasa wa mwisho.

Nikamuuliza kama nimeelewa vizuri: tunaomba tulichokwisha kupewa?

"Sikiliza, Neema," akasema. "Usimwombe mtu kitu ambacho hajaamua kukupa. Ukiomba hivyo, Desemba utaandika ripoti ya mafanikio. Ukiomba vile unavyotaka wewe, utaandika nini?"

Kisha akanieleza, na nadhani alikuwa hajamweleza mtu kwa muda mrefu. Alipoanza kazi aliwahi kupeleka maombi ya kweli, mazito, yote pamoja. Yakarudi yote na hapana. Madiwani wakauliza kitengo hiki kina faida gani kama hakijawahi kupata kitu, na wenzake wawili aliokula nao chakula cha mchana kila siku wakaachishwa kazi. Tangu hapo hajawahi kukosa mafanikio.

Ndipo likanijia lile la posa. Aliponicheka sikuwa nimeikumbuka nusu ya pili ya desturi. Kwetu mshenga hatumwi gizani. Shangazi wameshanong'onezana, mama wa binti ameshatikisa kichwa, jibu linajulikana mtaa mzima kabla mgeni hajavua viatu. Maneno yote yale mazuri ni sherehe ya jambo lililokwisha. Kwa harusi ni hekima, inaokoa watu na aibu. Lakini hii ilikuwa serikali, na ofisi yetu nzima, wenye shahada zao na mimi nisiye nayo, tulikuwa washenga wa kulipwa, tunavaa suti kwenda kuposa mke tuliyekwisha kupewa. Na mwanamke mmoja amekaa ghorofa ya kumi na nne anahesabu pumzi akisubiri tupige hodi kwenye mlango usiojulikana kama utafunguliwa. Hilo ndilo lililonitia hasira, na haijapoa. Kama mtu ameshaamua kukupa, anakuhitaji wa nini? Mwombaji analipwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajaamua.

Mkutano ulikuwa kwenye lile jengo la Bunge la mawe mekundu. Tulipewa robo saa. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanamume mpole aliyependa kupigwa picha. Njeri alikaa kulia kwake, na mimi mwisho wa meza na makabrasha. Waziri alikuwa mwanamke mwenye uso wa mtu aliyekutana na kaunti nyingi siku hiyo. Mwenyekiti akaomba matangazo mtandaoni. Waziri akasema ana habari njema. Mwenyekiti akashangaa vizuri sana, nikiri, alikuwa na kipaji. Wakacheka wote.

Ikawa imekwisha mapema mno. Waziri akatazama saa ya ukutani, akaegemea kiti, na akauliza, si kwa adabu tu, akauliza kweli:

"Muda bado upo. Kuna lingine?"

"Hapana, mheshimiwa," akasema mwenyekiti. "Tumeridhika kabisa."

"Lipo."

Niligeuka kumtafuta aliyesema. Njeri alikuwa ananitazama mimi.

Wadogo zangu, mimi ni mtu ninayeandika salamu za siku ya kuzaliwa kwenye rasimu kwanza. Lakini sentensi ile ya kwanza, ile iliyoliwa, nilikuwa naijua kwa moyo, nikaisema yote: litunge sheria, kumlazimisha, muda uliowekwa, asiyeweza ngazi. Nikataja mashine ya figo. Waziri akauliza tuliliomba hili lini. Nikasema limo kwenye vipaumbele vyetu mwaka wa tatu sasa. Akamgeukia msaidizi wake, msaidizi akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akamsogezea. Akasoma. Akasoma tena.

"Hapa mnaomba nini?" akauliza.

Tulikuwa watu watatu upande wetu wa meza, na hakuna aliyeweza kumjibu. Hata mimi niliyeweka koma.

"Tangu nije wizara hii," akasema, "hakuna kaunti iliyokaa kwenye kiti hicho ikaniomba lifti."

Nilimkasirikia na yeye pia, nisiwafiche. Mtu anahitaji kuombwa ili ajue wazee wanaishi juu? Lakini alikuwa amesema kweli. Miaka yote ile nilimwambia jirani yangu kwamba tumeomba, na hatukuwa tumeomba. Muda ukaisha. Tukapiga picha. Nimo kwenye hiyo picha, nimefumba macho.

Kwenye korido mwenyekiti alitangulia. Njeri alinisubiri karibu na ngazi, akavaa miwani yake kama anayetaka kunisoma.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. Akatembea hatua chache, akasimama bila kugeuka. "Na ulisema vizuri."

Wiki ile ile nilirudishwa kwenye simu za takataka, kwa muda, kama barua ilivyosema. Nikaacha kazi. Mama yangu akauliza kama nimeacha hata ile bima ya meno. Nimeacha, mama. Sasa nafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, ambako kitu kikiharibika tunaandika kimeharibika.

Mama Gulshan alisikitika kwa sababu zake. "Sasa nikuite nani?" akauliza.

Lakini nilikuwa nimebaki na ujuzi, na huu ndio ninaotaka mkae nao. Muswada unapofika kwenye kamati ya Bunge, kamati ikiamua kusikiliza umma, mkazi yeyote wa jimbo anaweza kujiandikisha kuzungumza. Si lazima uwe kaunti. Si lazima uwe na suti. Unapewa dakika chache, na unaruhusiwa hata kwa simu. Kulikuwa na muswada wa nyumba za kupanga. Nikamwandikisha Mama Gulshan.

Tulifanya mazoezi mezani kwake kwa chai na sambusa. Nilimfundisha kila nilichofundishwa na Njeri. Aanze na ombi. Asisalimie, muda ni mfupi.

"Nisiwasalimu?" akasema. "Wamenikosea nini?"

Siku yenyewe alivaa gauni la harusi ya mwanawe na shali. Alitaka kwenda mwenyewe awaone usoni. Tukafika mlangoni pa lifti, tukabonyeza, tukabonyeza tena. Ilikuwa imechagua siku. Nikapiga simu kwa karani wa kamati, akasema hakuna shida, azungumze kwa simu. Nikamwambia turudi ndani akae vizuri. Akakataa. Akanituma nimletee kiti, akakaa pale koridoni mbele ya mlango wa lifti, mkoba kifuani. Alisema akiwaambia lifti hii hapa, anataka iwe hapa.

Zamu yake ikafika. Akawasalimu. Alisema kwa Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili chake. Alimuuliza mwenyekiti wa kamati habari za nyumbani, na yule bwana, nikiwa naziona dakika zinamwagika, akajibu kwamba mama yake hajambo sana siku hizi ila magoti. Mama Gulshan akampa pole ya magoti. Nilikuwa nimekaa sakafuni nimejiziba mdomo. Kisha akasema:

"Fanyeni sheria. Mwenye jengo atengeneze lifti kwa muda mtakaoandika nyinyi, si muda anaoupenda yeye. Na kabla hajatengeneza, anishushe."

Mbunge mmoja akauliza, kwa upole wa mtu anayeona ameleta suluhisho, kama amewahi kufikiria kuhama.

"Nyumba yangu iko palepale," akasema. "Lifti ndiyo imehama."

Mtu alicheka, akajizuia. Mwenyekiti akamuuliza yuko wapi sasa hivi, sauti inarudi kama yuko kwenye bomba.

"Niko nje ya lifti, ghorofa ya kumi na nne. Kesho asubuhi nina zamu ya mashine. Nyinyi mnadhani nitashukaje?"

Tulisikia mtu akisogeza kiti, na karatasi zikifunuliwa. Walikuwa wanatafuta karatasi ya kujibia, na haikuwahi kuandikwa.

Maneno ya shahidi mbele ya kamati huandikwa yote kama yalivyotoka. Hakuna idara inayoyapitia. Niliyasoma yalipochapishwa, na yamo yote, pamoja na magoti. Hakuna aliyeweza kumbadilisha Mama Gulshan kuwa wakazi wote. Sheria haijatoka. Muswada uko kwenye foleni, na hakuna anayenijua tena wa kuniambia foleni ni ndefu kiasi gani.

Kesho yake zimamoto walikuja na kile kiti chenye mikanda. Nilikuwa nimefungua mlango wa ngazi, nasubiri. Alipita, safari hii pumzi yake ikiwa bado nzima. Hakuniita Serikali.

"Neema," akasema, "nimeacha ufunguo kwa mama yako. Kamwagilie maua mpaka lifti itakaponirudisha."

Basi hayo ndiyo niliyotakiwa kuwaambia ukumbini badala ya habari za bidii. Wengine wenu mtafika kwenye meza zile, na mtafika na shahada zenu, bila kujificha chooni kusoma kwa sauti. Siku moja mkubwa atatazama saa, aone muda umebaki, aulize kama kuna lingine. Watu wote wazuri waliokaa upande wenu watasema hapana. Msinitafute mimi, nimestaafu. Semeni lipo.